Maneno ya Msitu na Maneno ya Mwendo: Matembezi ya Kutwa Kandokando ya Milima ya Udzungwa

Makusudi ya makala haya ni kuyachungua baadhi ya maneno ambayo mtu huyasikia, na mengine ambayo yaelekea kutosikika tena, atembeapo kwa miguu kutwa moja katika misitu iliyo chini ya milima ya Udzungwa. Maneno yenyewe niliyakusanya kwa vipindi nilipokuwa nikikaa Idete, kijiji kilichoko kusini-magharibi ya Ifakara katika njia iendayo Mlimba, ambapo bonde la Kilombero limetandaa upande mmoja na ukuta wa milima umesimama upande wa pili. Wataalamu wa malaria walilijua jina la Idete kabla yetu sisi watu wa lugha, maana ndipo chanjo iitwayo SPf66 ilipojaribiwa kwa watoto wadogo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mimi sikufuata homa bali majina ya miti. Na upesi niliona kwamba majina ya miti hayawezi kuchunguzwa mtu akiwa amekaa barazani. Hutakiwa kutembea.

Yafaa kwanza msomaji aielewe nchi yenyewe. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa iliundwa mwaka 1992, nayo ina eneo la kilometa za mraba 1,990, kutoka nyanda za chini zenye joto hata kilele cha Luhombero kinachopita mita 2,500 juu ya bahari. Ofisi zake kuu ziko Mang'ula, kati ya Kidatu na Ifakara. Upande wa kusini-magharibi, juu ya vijiji kama Idete na Mbingu, iko misitu mingine ya serikali, na mkubwa wake ni ule wa Kilombero, uliopewa daraja ya hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2007 kwa kuunganisha misitu mitatu ya zamani, yaani Matundu, Iyondo na Kilombero ya Magharibi. Milima yote hii ni sehemu ya kusini kabisa ya mfululizo uitwao Tao la Mashariki, unaoanzia Taita nchini Kenya. Jambo la kutia maanani kwetu ni kwamba Udzungwa haizungukwi kwa motokaa kama Mikumi au Serengeti. Aliyekuja kuiona huiona kwa miguu, akifuata njia nyembamba nyuma ya mwongozaji, na saa zote hizo yeye na mwongozaji wake hawana budi kusema. Kwa hiyo msitu huu, kuliko mahali pengi katika nchi yetu, ni darasa la lugha, ijapokuwa haukuwekwa kwa ajili hiyo.

Nianze na neno ambalo halistahili kuwapo hapa, nalo ni mbuga. Magazeti na redio zimezoea kusema ‘mbuga ya wanyama’ au ‘mbuga ya taifa’ kwa kila mahali ambapo wanyama wamelindwa, na hata Udzungwa imekwisha kuitwa hivyo mara nyingi. Lakini mbuga ni nchi tambarare, ya majani na udongo mweusi, ambayo masika huifanya tope na kiangazi huipasua nyufa. Mkulima wa bara akisema shamba lake ni la mbuga, kila mtu hujua jembe lake litakuwa zito. Mwenye kusimama Idete aona mbuga halisi chini yake, ndilo bonde la Kilombero, lifurikalo kila mwaka na ambalo mwaka 2002 liliandikwa katika orodha ya ardhi oevu za mkataba wa Ramsar. Akigeuka nyuma aona mlima wenye miti iliyoshonana. Kuuita mlima ule mbuga ni kuwaacha watu wa Kilombero bila neno la nchi yao wenyewe. Neno rasmi, yaani hifadhi, ni bora mara nyingi, nami nitalirudia baadaye, kwa kuwa lina mambo ndani yake.

Tuje sasa kwenye msitu. Kiswahili kina maneno matatu makubwa kwa nchi isiyolimwa yenye miti, nayo ni msitu, mwitu na pori. Na kamusi zetu, kwa bahati mbaya, huyaeleza kwa kuzungushana: msitu ni mwitu, mwitu ni msitu, na pori ni mahali penye miti na nyasi. Ukisikiliza watu wa Idete wakisema Kiswahili, huwezi kuyachanganya. Msitu ni mahali penye mipaka: una ukingo, huingiwa na hutokwa. Mtu husema ‘tuliingia msituni saa mbili’. Pori halina ukingo. Ni yale yote yaliyo nje ya nyumba na shamba, na shamba lenyewe likiachwa misimu miwili mitatu hurudi kuwa pori, lakini hakuna asemaye kwamba limerudi kuwa msitu. Ama mwitu, neno la kale, karibu halisikiki tena kama jina la mahali. Limehama. Limekuwa sifa inayofuata jina la kiumbe, kama vile mbwa mwitu, paka mwitu, nguruwe mwitu. Mzee mmoja nilipomwuliza kama twaweza kwenda ‘mwituni’, alifikiri kidogo akajibu, “Mwalimu, hapo wasema kama kitabu.” Sikukasirika, maana alisema kweli.

Pori nalo laelekea njia ile ile, ila kwa upande wa mimea. Msufi ni mti wa kijijini utoao sufi ya kujazia mito na magodoro. Yule ndugu yake mkubwa anayeota katika misitu ya chini, wenye elimu ya mimea wakamwita Bombax rhodognaphalon, Waswahili humwita msufi pori. Hapa yaonekana jinsi lugha ilivyotoka nyumbani kwenda msituni: mti uliojulikana kwanza ndio ulioshika jina tupu, na uliokutwa baadaye ukapewa jina hilo hilo pamoja na alama ya ugeni. Kwa mtu wa msituni mpangilio huo ungekuwa kinyume. Katika lugha za wenyeji wa bonde hili na milima yake, yaani Kindamba, Kipogoro, Kimbunga, Kihehe na Kibena, mti wa msituni mara nyingi una jina lake wenyewe, si la kuazimwa kwa jirani. Ndiyo maana nasema kwamba Kiswahili cha misitu ya milima ni Kiswahili cha mgeni aliyekuja kwa heshima, akataja vitu kwa mfano wa vile alivyoviacha pwani.

Yako tena maneno ‘msitu wa asili’, yaliyo kinywani mwa kila mwenye kusema habari za uhifadhi leo. Asili ni neno la Kiarabu lenye maana ya chanzo au shina. Basi msitu wa asili ni msitu wa tangu mwanzo. Bonde la Kilombero lilihitaji tofauti hii, kwa sababu tangu miaka ya 1990 yako pia mashamba makubwa ya misaji katika wilaya za Kilombero na Ulanga, miti iliyopandwa kwa mistari kama askari katika gwaride. Msaji ni neno la kale lililokuja kwa njia ya Bahari ya Hindi pamoja na mbao zenyewe za majahazi, na watu wa bonde hawalitumii. Wao husema mitiki, kwa kuufuata Uingereza. Mti mmoja una majina mawili, moja la baharia na moja la kampuni, na la baharia limeshindwa. Sasa, je, shamba la mitiki ni msitu? Wenyeji niliowauliza walijibu bila kusita kwamba si msitu, ni ‘mitiki’ basi. Kwao neno msitu lenyewe limekwisha beba asili ndani yake, na kusema ‘msitu wa asili’ ni kama kusema ‘maji ya majimaji’. Wataalamu, ambao huhesabu msitu kwa kimo cha miti na wingi wa kivuli, ndio waliohitaji kuongeza ‘wa asili’. Serikali nayo ikapiga hatua nyingine kwa kusema ‘mazingira asilia’. Umbo hili la asilia ladai kuwa kivumishi, wala halisemi habari za mwanzo tu, bali lasifu hali ya kitu, kwamba hakijaguswa. Hapo ndipo mwanachuo wa lugha hana budi kuinua mkono. Miteremko ya chini ya Udzungwa ilikwisha katwa mbao zamani, ikaota tena. Ni misitu ya asili bila shaka, kwa maana ya mbegu zake. Lakini ‘asilia’ kwa maana ya kutoguswa haikuwa kamwe. Watu walipita humo, waliwinda, walitundika mizinga, walizika wafu wao kandokando.

Kabla ya kuanza mwendo, neno moja juu ya jina la milima. Udzungwa ni nchi ya Wadzungwa, watu wa jamaa ya Wahehe, kwa kanuni ile ile ya kiambishi u- iliyotupa Uhehe, Ubena na Unyamwezi. Sauti ya dz haimo katika Kiswahili sanifu, kwa hiyo waandishi wa zamani waliandika Uzungwa. Hifadhi ya Taifa imechukua dz. Lakini msitu wa serikali ulioko upande wa kusini, juu ya Chita, ungali ukiandikwa Uzungwa katika karatasi rasmi mpaka leo. Matokeo yake ni kwamba mgeni hudhani kuna milima miwili. Mimi naona dz ibaki, kwa kuwa jina la mahali ni mali ya wenye mahali. Wala hatukuona tabu kuweka ritifaa katika Mang'ula ili sauti ya pua isipotee. Wanaoandika ‘Mangula’ bila ritifaa wamelibadili jina, si tahajia tu.

Matembezi ninayoyaeleza ni yale ya maporomoko ya Sanje, ambayo huanzia kijiji cha Sanje, kaskazini ya Mang'ula. Nilitoka Idete siku iliyotangulia nikalala Ifakara, na asubuhi nikapanda basi la kwenda Kidatu. Maji ya Sanje huanguka kwa daraja tatu, na jumla ya kimo chake ni kama mita 170. Kutoka juu kabisa mtu huliona bonde lote, na mashamba ya miwa ya Kilombero yakiwa yametandikwa kama mkeka wa kijani. Mtu mwenye miguu ya kawaida huenda na kurudi kwa muda wa saa nne hivi. Tulikuwa watu wachache, na mwongozaji wetu alikuwa kijana wa huko huko, msemaji wa Kiswahili safi chenye lafudhi ya bonde.

Neno la kwanza lililonishughulisha lilikuwa kutembea. Siku kadhaa kabla ya safari hiyo, mama mmoja mzee wa Idete alikuwa ameniuliza niendako. Nikamwambia, “Mama, nakwenda kutembea msituni.” Akacheka mpaka akaweka chini ungo wake. “Msituni hatutembei, mwalimu,” akasema, “msituni twenda.” Tofauti aliyoitaja ni ya kweli, nayo haimo katika kamusi yo yote niliyoipitia. Kutembea ni kwenda kwa watu: mtu hutembea mjini, hutembelea ndugu, humtembeza mgeni. Mwendo wa msituni hutajwa pamoja na kitu kinachofuatwa, na mara nyingi bila kihusishi cho chote: kwenda kuni, kwenda dawa, kwenda asali. Anayetembea tu msituni, asiyefuata kitu, ama amepotea ama ana nia mbaya. Nakumbuka nilipokuwa masomoni Ulaya nilistaajabu vivyo hivyo, kuona watu wazima wakitoka kila Jumapili kwenda katika miti na kurudi mikono mitupu, wakiwa wamefurahi. Leo sisi wenyewe twafanya kazi ile ile, nayo yatafuta jina. Baadhi ya waongozaji husema ‘kufanya utalii wa miguu’, maneno mazito kama gunia. Kijana wetu alisema ‘kupandisha’ kwa kwenda juu na ‘kuteremka’ kwa kurudi, na safari yote akaiita ‘mzunguko’. Neno mzunguko nalipendelea. Ni fupi, lajulikana, na laeleza kweli kwamba mtu atarudi alikoanzia.

Niseme kwa kupita kwamba kupanda lilituletea kichekesho. Mgeni mmoja katika kundi letu, aliyejifunza Kiswahili kwa kitabu, aliambiwa kwamba watoto wa shule huja chini ya mlima ‘kupanda miti’. Akauliza kama si hatari, wasije wakaanguka.

Njia yenyewe, hatua za kwanza, hupita katika kivuli cha miti ya nchi za chini. Hapa mwongozaji alitaja mvule, mkangazi, mkuyu, msufi pori, na mgude, ambao shina lake jeupe la kimanjano husimama wima kama mlingoti, bila tawi mpaka juu kabisa. Majina haya yote ni ya Kiswahili cha kawaida, na mafundi seremala wa Ifakara wangeyafahamu, angalau ya ile yenye mbao. Tulifika kwenye mti mwingine, wenye gome la kukwaruza, naye akasimama akasema, “Huu mwavi.” Kisha akanyamaza kidogo, kama asemaye jina la mtu. Mwavi ni mti ambao wataalamu humwita Erythrophleum suaveolens, na gome lake lina sumu. Katika Kiswahili mwavi ni mti, na ni sumu ile, na ni hukumu iliyofanywa kwa sumu ile: mtu aliyeshutumiwa uchawi alinyweshwa, akitapika ameshinda, akifa ameshindwa. Neno moja lina mti, dawa na mahakama. Kamusi zetu hutaja hayo, kwa kuwa wamisionari na maofisa waliotunga kamusi za kwanza walivutwa sana na habari za viapo. Lakini mgude hakuua mtu, na kwa hiyo akiandikwa huandikwa ‘aina ya mti’, basi. Laiti msomaji angehesabu mwenyewe ni mara ngapi maneno haya matatu, ‘aina ya mti’, yamesimama peke yao katika kamusi yetu kama maelezo kamili. Ndege nao wamepata hali hiyo hiyo, na samaki wa maji baridi hali mbaya zaidi.

Kadiri tulivyopandisha, ndivyo majina yalivyopungua. Jambo hili lilinigusa kuliko maporomoko yenyewe. Chini, kila mti mkubwa ulikuwa na jina la Kiswahili, katikati ya mteremko, kijana wetu alianza kutumia majina ya Kilatini, aliyofundishwa katika mafunzo ya waongozaji, karibu na maporomoko ya juu alisema, “Hii nayo ni miti ya asili.” Nilimwuliza kwa upole kama nyumbani kwao wazee hawana majina ya miti hiyo. Akajibu kwamba bibi yake alikuwa nayo.

Tulisikia mlio kwenye matawi, wa nguvu, kama mtu anayeita na mwingine anayegugumia, nasi tukapata bahati ya kuwaona nyani wadogo wa rangi ya majivu wakipita chini ya miti. Hawa ndio wenye kisa kinachofaa kusimuliwa katika jarida la lugha. Mwaka 1979 wataalamu wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa wakichunguza msitu huu wa Mwanihana wakasikia mlio wasioutarajia. Mwongozaji wao mwenyeji hakuona ajabu yo yote: mnyama yule ni ng'olaga. Kwa elimu ya wanyama, huo ulikuwa ugunduzi mkubwa. Mnyama akapewa jina la Cercocebus sanjei, kwa kuifuata Sanje. Kwa elimu ya lugha, hakukuwa na ugunduzi wo wote, maana neno lilikuwapo, na lilikuwa na maana moja, iliyo dhahiri, isiyochanganyika na ya nyani mwingine. Tena tazama lilivyoandikwa na wageni: mara ‘ngolaga’, mara ‘n'golaga’ na ritifaa mahali pasipo pake. Kamusi sanifu ingekuwa na neno hilo mapema, mwenye kusafiri na kamusi mfukoni angeweza kuuliza kabla ya kugundua.

Kipunji alikuwa na bahati njema zaidi. Mnyama huyu alijulikana kwa wataalamu mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika mlima Rungwe na pia katika msitu wa Ndundulu huku Udzungwa. Mwaka 2005 akaelezwa rasmi, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Jina la kipunji ni la Kinyakyusa, wawindaji wa Rungwe walilokuwa nalo, na sasa limeingia katika elimu ya wanyama ya dunia nzima, na katika Kiswahili pia. Wanyakyusa wametupa neno. Ng'olaga naye angoja mlangoni.

Hapa lazima nitoe onyo kwa wanafunzi. Jina la Sanje lafanana na sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, na katika milima hii mwaka 2005 alionekana sange mkubwa mwenye uso wa kijivu ambaye hakuwa akijulikana. Vile vile mto Njokamoni, ulio karibu na Mang'ula, humkumbusha mtu njoka, ambalo kwa baadhi ya lugha za bara ni nyoka. Kufanana si ushahidi. Etimolojia ya kubahatisha ni tamu, na nimewahi kuona mabango na vitabu vidogo vya wageni vikiijaza. Lakini jina la mto huulizwa kwa wenye mto, katika lugha yao, pamoja na toni zake, na si kwa kulitazama lililoandikwa.

Narudi kwenye neno hifadhi, kama nilivyoahidi. Neno hili tumelipata kwa Kiarabu, na katika Kiswahili lina matumizi mawili ambayo kwa kawaida hatuyaweki pamoja. Serikali huhifadhi msitu, maana yake huulinda. Mwanafunzi wa chuoni huhifadhi Kurani, na mshairi huhifadhi beti, maana yake wamezitia moyoni, waweza kuzitamka bila kitabu. Katika Udzungwa matumizi haya mawili yamepishana kwa namna ya kusikitisha. Baada ya hifadhi kuanzishwa mwaka 1992, watu wa vijiji vya kando waliruhusiwa kuingia kwa siku zilizopangwa za juma ili kuokota kuni zilizokauka. Mwaka 2011 ruhusa hiyo iliondolewa. Sababu zake zilielezwa, na mimi si mtu wa misitu niweze kuzipima. Msitu uliozungukwa na watu wengi hauwezi kuvumilia kila mkono, na maji ya mito hii yategemewa na mashamba na vijiji vingi. Lakini walioingia kwa ajili ya kuni walikuwa wanawake hasa, pamoja na binti zao, na kuni si kitu kimoja. Kuni ya mti huu hushika moto upesi ikazimika. Ya mti ule hutoa moshi wa kuumiza macho. Ya mwingine haipikiwi mgonjwa. Aliyesenya kuni alikuwa hana budi kuujua mti uliokauka, usio na jani wala ua, kwa gome na harufu yake tu, jambo ambalo hata mtaalamu wa mimea huliona gumu. Elimu hiyo ilisemwa njiani, mama akimwambia binti, na haikuwa na shule nyingine.

Basi msitu umehifadhiwa kwa maana ya kwanza, nao waacha kuhifadhiwa kwa maana ya pili. Wenye kupita humo kwa halali leo ni askari, wachunguzi, na watalii pamoja na waongozaji wao. Matembezi haya ya kutwa, ambayo watu wengine wa elimu huyadharau kama starehe ya wageni, yamekuwa mojawapo ya nafasi chache ambapo mwenyeji kijana asimama mbele ya mti na kutakiwa autaje. Kama atautaja kwa Kilatini tu, au kwa ‘mti wa asili’, ni kwa sababu hakupewa kingine. Nadhani kazi hiyo ni yetu kuliko yake.

Nami sikuifanya vizuri mwanzoni, na nakiri kosa langu ili wengine wasilirudie. Nilizunguka kando ya Idete na mzee mmoja, nikinyosha kidole na kuuliza, “Huu waitwaje, mzee?” naye akijibu, nami nikiandika. Jioni nilipomsomea orodha alitikisa kichwa. Majina kadhaa niliyoyaandika kuwa ya miti yalikuwa ya mitambaazi iliyojizungusha kwenye miti hiyo. Kidole changu kilionyesha kitu kimoja, jicho lake likaona kingine, na kalamu ikasadiki. Tangu hapo sikuandika jina bila jani, kipande cha gome, na tunda likiwapo, na bila kuuliza watu wawili wasiokaa pamoja. Aidha niliandika lugha ya kila jina, kwa kuwa Idete ni mji wa watu wengi: Wandamba, Wapogoro, Wabena, Wahehe, na siku hizi Wasukuma waliokuja na ng'ombe zao. Mtu akikupa jina kwa Kiswahili huenda amelitoa Kihehe akaondoa irabu ya kiambishi, na jina zima likavaa kanzu ya Kiswahili. Si kosa, ndivyo lugha yetu ilivyokua siku zote. Lakini mtunga kamusi hana budi kujua kanzu imevaliwa na nani.

Kwa hiyo napendekeza kwamba maneno ya namna hii yaingizwe katika kamusi kubwa yakiwa na alama ya mahali yanakotumika, kama tulivyozoea kutia alama kwa maneno ya Lamu, Pemba au Mvita. Sioni kwa nini neno la mvuvi wa Pemba liwe Kiswahili cha lahaja, na neno la mama wa Idete liwe ‘la kikabila’, hali wote wawili walitumia wanaposema Kiswahili na jirani zao. Na maelezo yasikome kwenye ‘aina ya mti’. Yaseme shina likoje, huota chini au juu ya mlima, na hufanywa nini, hata kama ni kuni tu.

Safari yangu ya mwisho nilirudi Idete jua likichwea, na orodha yangu mpya mkononi. Yule mama aliyenicheka alikuwa barazani na wenzake wawili, na mafiga yao yakiwaka kwa matawi ya mwembe yaliyokatwa shambani. Nikawasomea jina moja moja, nikiwaonyesha majani niliyopewa kijijini, maana ndani ya hifadhi hakuchumwi kitu. Mengi waliyakubali. Kwa jani moja pana, lenye manyoya chini, wawili wakataja majina mawili mbalimbali, na wa tatu akasema yote mawili si sawa, jina hasa alikuwa nalo marehemu mama yake naye atalikumbuka kesho. Niliyaandika yale mawili, nikaacha nafasi ya la tatu.